Uso wa Mama ulivyoingia giza: kisa cha zumu kwenye mkesha wa Maseno

Familia ilituomba jambo moja tu. Watoto wawili wa marehemu wako ng'ambo na hawakupata nafasi ya kurudi, kwa hiyo tulipofika bomani Maseno Ijumaa ile, binti mkubwa alitushika mikono akasema, "Hata mkikosa mengine yote, msikose Mama akiongea." Tulimwahidi.

Mama alipewa kipaza sauti mwendo wa saa tatu na nusu usiku. Kijana wangu wa kamera alikuwa nyuma kabisa ya tenti, kamera ikiwa juu ya stendi, kama mita 12 kutoka pale Mama aliposimama. Alianza na picha pana: jeneza, mashada, waimbaji wamekaa, balbu tatu za jenereta zikining'inia kwenye nguzo. Mama alipoanza kusimulia jinsi walivyokutana na mzee, kijana akabonyeza zumu, kitufe cha kuvuta picha karibu, taratibu, kwa sekunde nane, mpaka uso ukajaa fremu. Ni uamuzi mzuri. Ningefanya vivyo hivyo.

Jumapili nilifungua kadi studioni Kisumu. Sekunde za kwanza picha ilikuwa safi ya kutosha kwa usiku. Kufikia sekunde ya tano chenga zilikuwa zimeanza kucheza kwenye kivuli cha turubai, kama unga wa mtama unaopepetwa. Halafu giza likaingia. Halikuja kwa ghafla, lilishuka polepole kama mtu anayefunga pazia huku unamwangalia. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cha buluu chenye maua ya njano. Maua yalipotea kwanza, kisha buluu ikawa rangi ya tope, na mwisho macho yake yakazama kwenye vivuli vya paji la uso. Sauti ilikuwa nzuri ajabu. Uso ndio haukuwepo.

Naandika kisa hiki kwa sababu najua wengi wanaorekodi arusi, mikesha na mazishi huku kwetu wamekutana na hali hii, wakalaumu umeme au kamera, wakaendelea.

Kijana alikuwa na jibu lake tayari. "Mwalimu, taa zilififia. Jenereta ilikuwa inazidiwa." Halikuwa jibu baya. Jenereta ndogo ikibebeshwa spika na balbu pamoja hulegea, na balbu za uzi huonyesha hivyo mara moja. Lakini mjukuu mmoja aliyekaa mstari wa mbele alikuwa amerekodi kwa simu maneno yale yale. Nikaomba faili yake kwa WhatsApp, nikailinganisha na yetu kwa kufuata sauti ya Mama neno kwa neno. Katika sekunde zile nane ambazo picha yetu inazama, picha ya simu haibadiliki hata kidogo. Turubai nyuma ya Mama lina mwanga ule ule mwanzo hadi mwisho. Jenereta ikawa imeondolewa lawama.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa klipu nyingine, ya siku hiyo hiyo, kwenye kadi hiyo hiyo. Mwili ulipofika kutoka mochari jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kijana alivuta zumu kwenye nyuso za akina mama waliokuwa wakiimba langoni. Hapo picha ilipovutwa karibu nyuso ziling'aa zaidi. Kamera moja, mkono mmoja, zumu ile ile. Jioni inaongeza mwanga, usiku inapunguza. Mtu akikuambia "zumu hufanya picha iwe giza," klipu ya langoni inamkanusha. Akisema "zumu haihusiki," klipu ya Mama inamkanusha pia. Ilibidi tutafute maelezo yanayobeba klipu zote mbili.

Tuanze na lenzi, kwa maana hapo ndipo mzizi ulipo.

Kwenye mdomo wa lenzi yetu pameandikwa 1:1.8–3.4, na kando yake 4–80 mm. Watu wengi husoma namba ya kwanza tu wakajivunia kwamba kamera yao ni ya 1.8. Lakini ile alama ya mstari katikati ina maana yake. Inasema kwamba lenzi ikiwa pana kabisa tundu lake la kupitisha mwanga linaweza kufunguka hadi f/1.8, na ikivutwa hadi mwisho haliwezi kupita f/3.4, hata ufanye nini.

Sababu yake ni hesabu ya darasa la saba. Namba f ni urefu wa fokasi, yaani zile milimita 4 hadi 80 zinazokua kadiri unavyovuta zumu, ukigawanywa kwa upana wa tundu jinsi linavyoonekana ukitazama kutoka mbele ya lenzi. Kwenye 4 mm, f/1.8 inahitaji tundu la milimita 2.2 tu, dogo kuliko punje ya mchele kwa urefu. Kwenye 80 mm, kubaki f/1.8 kungehitaji tundu la milimita 44, na kioo cha mbele chenye upana usiopungua huo. Kamera ya mkononi haina nafasi hiyo. Kwa f/3.4 inahitaji kama milimita 23 na nusu, na hapo mtengenezaji akakubali kupoteza mwanga ili kamera ibebeke. Wanaobeba lenzi nzito za 70–200 mm zenye f/2.8 isiyobadilika wanajua gharama ya njia ya pili: 200 ukigawanya kwa 2.8 unapata milimita 71, ndiyo maana kioo cha lenzi hizo ni kipana kama kikombe na bega huuma kabla ya keki kukatwa. Ukiwa na lenzi ya namna hiyo, zumu haikupunguzii mwanga. Ukiwa na ile ndogo ya 18–55 mm inayokuja na kamera nyingi, yenye 3.5–5.6, inakupunguzia mwanga zaidi ya mara mbili na nusu, na ni lenzi hiyo hiyo vijana wengi wa Kisumu na Nakuru wanaanza nayo kazi.

Mwanga haupungui kwa kiasi cha namba zenyewe, unapungua kwa mraba wake. Kutoka 1.8 hadi 3.4 si "karibu maradufu" kama inavyoonekana kwa macho. Ni mara 3.6 hivi. Yaani Mama alipojaa fremu, kila nukta ya kihisi cha kamera ilikuwa ikipata robo na kitu kidogo ya mwanga iliyokuwa ikipata sekunde nane kabla. Kwa lugha ya kazi, tulipoteza stopu 1.8, karibu stopu mbili nzima; kila stopu moja inayopotea hukata mwanga nusu.

Sasa ile jioni ya langoni. Kulikuwa bado na mwanga mwingi wa anga, kwa hiyo kamera, ikijiongoza yenyewe, ilikuwa imefunga tundu hadi f/5.6. Hilo ni tundu dogo kuliko lile ambalo lenzi inaweza kutoa hata ikiwa imevutwa hadi mwisho. Dari ya 3.4 haikuguswa, lenzi haikuwa na cha kupoteza. Kilichobadilika ni kile kamera ilichokuwa ikitazama. Picha pana ilikuwa na anga jeupe nusu nzima. Kamera ikaona mwangaza mwingi na kujibana. Zumu ilipoitoa anga nje ya fremu na kubakiza nyuso na leso, kamera ikaona giza, ikafungua hadi f/4, na nyuso zikang'aa. Hiyo ni kazi ya upimaji wa mwanga, si ya lenzi. Usiku mambo yaligeuka: tundu lilikuwa limeshafunguliwa lote tangu picha pana, halikuwa na akiba, na kila milimita ya zumu ikalipunguza.

Kwa hiyo ni mambo mawili yanayokaa kwenye kitufe kimoja, na mara nyingi yanavutana. Mchana upimaji ndio unaotawala. Usiku lenzi ndiyo yenye neno la mwisho.

Hata hivyo swali moja lilibaki. Kama lenzi inapunguza mwanga tangu mwanzo wa zumu, mbona picha ya Mama ilibaki sawa kwa sekunde tano nzima kabla ya kuanza kuzama?

Jumatatu usiku tulifunga madirisha ya studio, tukageuza taa moja iangalie dari ili ukuta mweupe upate mwanga sawasawa, tukaiweka kamera mbele yake. Jaribio la kwanza tulifanya kila kitu kwa mkono: tundu wazi kabisa, shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, 1/50 ya sekunde kama tunavyofanya siku zote kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, na geini, yaani jinsi kamera inavyokuza mwanga iliopokea, desibeli 12. Tukavuta zumu polepole. Kwenye kioo namba ikatembea: 1.8, 2.0, 2.4, 2.8, 3.4. Ukuta ulianza kufifia tangu hatua ya kwanza. Hakuna mshangao hapo.

Jaribio la pili tuliirudisha geini kwenye otomatiki, ndani ya menyu ikiwa vile vile ilivyokuwa Maseno. Hapo tukaiona klipu ya Mama ikirudiwa ukutani. Namba f ilipanda, ukuta ukabaki vile vile, lakini geini nayo ilikuwa ikipanda kimyakimya: 12, 14, 16, 18. Ilipofika 18 ikasimama. Wakati huo tundu lilikuwa f/2.5. Kuanzia hapo ukuta ukaanza kuzama.

Kijana alinitazama bila kusema kitu, kwa sababu sote wawili tulijua ni nani aliyeweka kikomo cha 18 kwenye menyu. Ni mimi. Miezi michache kabla tulirekodi arusi Nakuru, ukumbi ukiwa na taa za zambarau na hakuna kingine, na bwana arusi alilalamika kwamba picha zina chenga kama runinga ya zamani isiyoshika stesheni. Alikuwa na haki. Nilirudi nikaizuia geini isipite desibeli 18, nikafurahi kwamba chenga zimekwisha, na sikumwambia kijana. Ile kamera aliyoibeba Maseno haikuwa kamera aliyoizoea.

Hesabu sasa inakaa. Kila desibeli 6 za geini ni stopu moja. Picha pana ya mkesha ilihitaji 12. Zumu ilikula stopu 1.8, yaani desibeli 11, kwa hiyo mwisho wa zumu kamera ilihitaji 23. Niliiruhusu 18. Desibeli 6 za kwanza iliweza kuzilipa, na ndiyo sababu sekunde tano za mwanzo zilionekana sawa ila chenga zikiongezeka. Zile 5 zilizobaki hazikuwa na wa kuzilipa, zikatolewa kwenye uso wa Mama. Mwangaza wake ulishuka hadi karibu nusu.

Na nusu ile haikumwangukia kila mtu sawa. Hili nataka nilisemee kidogo, kwa maana linahusu nyuso zetu. Nyuma ya Mama kulikuwa na turubai jeupe. Kamera inayojiongoza huona weupe mwingi na kujaribu kuushusha uwe wa wastani, na ngozi yetu iliyo mbele ya weupe huo inashushwa pamoja nao. Hata ile michirizi ya pundamilia ambayo kamera huchora juu ya sehemu zenye mwanga, mazoea ya zamani ya kuiweka kwenye asilimia 70 ya mwangaza kwa ajili ya uso yalitokana na ngozi nyeupe. Ukisubiri michirizi hiyo itokee kwenye shavu la mama wa Kijaluo ndipo uamini uso umepata mwanga, utaunguza kila kitu kingine. Ukiamini otomatiki mbele ya turubai jeupe, utamzamisha. Mimi huiweka michirizi kati ya 50 na 60, natazama ile sehemu ya mfupa wa shavu inayong'aa, na hiyo ndiyo naifuata. Usiku wa Maseno uso wa Mama ulikuwa tayari umeshushwa na turubai kabla zumu haijaanza. Zumu ilimkuta hana akiba.

Tulijaribu kuiokoa klipu. Kwa kuwa tulijua giza lilianza wapi na lilishuka kiasi gani, niliweka alama kwenye sekunde ya tano na ya nane, nikapandisha mwangaza katikati yake kwa kiwango kilekile kilichopotea. Mteremko ukapotea kabisa. Mtu asingejua palikuwa na giza. Lakini nilipopandisha mwanga nilipandisha na chenga, na programu ya kusafisha chenga ilipopita juu yake, ngozi ya Mama ikawa laini kama plastiki. Mikunjo ya macho ikafutika. Mtoto aliye ng'ambo hajatuma hela ya kurekodi mkesha ili aone mama yake amelainishwa. Nikaifuta kazi hiyo.

Tulichomtumia binti mwishowe ni picha yetu pana kwa sekunde tano, kisha ile ya simu ya mjukuu, sauti ikiwa yetu mwanzo hadi mwisho. Picha ya simu inatikisika, na kasi yake ya fremu 30 kwa sekunde haikai vizuri na 25 zetu, lakini mjukuu alikuwa mita tatu kutoka kwa bibi yake. Macho yanaonekana. Nilimweleza binti ukweli wote, pamoja na kikomo nilichoweka mimi, na nikarudisha sehemu ya malipo.

Simu yenyewe haikushinda kwa sababu ni bora kuliko kamera. Ilishinda kwa kukaa karibu, na kwa kutotumia zumu. Na ukivuta zumu kwenye simu, nyingi hukata tu katikati ya picha na kuikuza: mwanga haupungui, ila chenga zinakua pamoja na uso. Simu zenye lenzi ya pili ya kuvuta mbali, lenzi hiyo mara nyingi hupitisha mwanga mdogo kuliko ile kuu, na gizani baadhi yake huiacha na kurudi kwenye kuu bila kukuambia.

Sasa tunafanyaje? Nimeulizwa kama kuondoa kikomo cha geini kungetosha. Tulijaribu ukutani: ukuta ukabaki na mwanga ule ule hadi mwisho wa zumu, na chenga za desibeli 23 zikaufunika. Kati ya uso wenye chenga na uso usiokuwepo nachagua wenye chenga, kwa hiyo kikomo nimekipandisha hadi 24, na safari hii nimemwambia kila anayebeba kamera. Hiyo haitibu, inazuia mabaya zaidi.

Kuna njia ya menyu iliyo nzuri kuliko hiyo kama ni lazima uvute zumu ukiwa unarekodi. Vuta kwanza hadi mwisho kabla ya shughuli kuanza, soma tundu lililobaki, kwetu ni 3.4, kisha lifunge kwa mkono hapo hapo na upange geini kwa uso ulio karibu. Ukirudi kwenye picha pana tundu linabaki 3.4, na zumu nzima haitabadilisha mwanga hata chembe. Unalipa kwa kupoteza ile 1.8 ya picha pana, lakini picha haisogei mbele ya macho ya mtazamaji. Kushusha shata hadi 1/25 kunakupa stopu moja ya bure, na mzungumzaji aliyetulia hustahimili. Waimbaji wakianza kucheza, mikono yao itaacha mkia.

Lakini dawa yenyewe haiko kwenye menyu. Mkesha uliofuata ulikuwa Vihiga. Tulifika mapema, nikamwomba mzee wa familia ruhusa ya kusogeza balbu moja iliyokuwa mita 4 kutoka kwenye meza ya wasemaji. Akakubali, ila akataka isimpige mtu machoni. Tukaifunga kwenye nguzo iliyo mita 2, pembeni, juu kidogo ya usawa wa kichwa. Taa ndogo ikisogea nusu ya umbali, mwanga unaomfikia mtu huwa mara nne: stopu mbili, zaidi ya yote ambayo zumu ilitunyang'anya Maseno. Kisha kijana akaondoa stendi nyuma ya tenti na kuiweka ubavuni mwa viti vya mbele, mita 6 kutoka kwa wasemaji, akainama kidogo ili asiwakinge wazee. Zumu haikuhitaji kufika mwisho tena.

Mjane aliposimama, nilikuwa nyuma ya bega la kijana. Alivuta polepole hadi uso ukajaa, nami nikasoma kioo: f/2.5, 1/50, geini 6. Mfupa wa shavu uliwaka michirizi myembamba, na kila ua kwenye kitambaa chake lilikuwa mahali pake.